Mifumo ya malipo ipimwe kabla wateja hawajaipima wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo linalowagusa watu wengi wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria, yaani malipo ya simu ambayo mteja hukatwa papo hapo lakini huchelewa kuonekana kwa muuzaji. Malalamiko hayo yanasikika kwenye madirisha ya tiketi, kwenye ofisi za wahasibu wa shule na hata mwaloni, na jibu linalotolewa karibu kila mara ni kwamba mtandao unasumbua. Kazi yangu ni kutengeneza programu za kupokea malipo hapa jijini, na rai yangu ni kwamba mara nyingi mtandao unasingiziwa. Kinacholemewa ni sehemu ndogo ya mfumo wa muuzaji inayopokea taarifa ya malipo, na sehemu hiyo ingeweza kupimwa kwa gharama ndogo sana kabla ya mfumo kufunguliwa kwa wananchi.

Ili msomaji asiye fundi anifuate, nieleze kwanza kinachotokea. Mteja anapoweka namba ya siri na kuthibitisha, kampuni ya simu huhamisha fedha ndani ya mfumo wake, kisha huutumia mfumo wa muuzaji ujumbe mfupi kupitia intaneti, katika anwani ambayo muuzaji aliiandikisha mapema, ukitaja kiasi, muda, namba ya muamala na namba ya kumbukumbu ya malipo. Utaratibu huu wa mfumo mmoja kuubishia hodi mwingine pale tu jambo linapotokea huitwa webhuku, jina lililotolewa mwaka 2007 na mtengeneza programu Jeff Lindsay. Njia nyingine ingekuwa mfumo wa muuzaji kuuliza kila baada ya sekunde chache kama kuna malipo mapya, sawa na mchuuzi wa samaki anayeshuka mwaloni kila nusu saa kuulizia mtumbwi, ilhali angeweza kukaa dukani kwake akapigiwa simu ukishatia nanga.

Webhuku ina sharti moja ambalo wengi hulipuuza: anayepokea lazima ajibu haraka kwamba amepata. Jibu lenyewe ni namba tu. Namba za kuanzia 200 hadi 299 zina maana kwamba ujumbe umepokewa, za 400 na kuendelea humwambia mtumaji kwamba ombi lake lina kasoro, na za 500 na kuendelea ni kukiri kwamba hitilafu iko kwa mpokeaji. Jibu lisipofika ndani ya muda uliopangwa, mtumaji hukata mawasiliano na kuhesabu kwamba ujumbe haukufika, hata kama upande wa pili kazi ilikuwa inaendelea. Muda huo hutofautiana. Slack, huduma ya mawasiliano ya ofisini, huwapa wapokeaji wake sekunde 3, na GitHub, hifadhi ya kazi za watengeneza programu, huwapa sekunde 10. Namna ya kurudia nayo hutofautiana, kwani Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, huendelea kurudia kwa hadi siku 3 huku ikirefusha nafasi kati ya jaribio moja na lingine, wakati GitHub hairudii yenyewe ujumbe ulioshindikana. Watoa huduma za malipo wa kwetu nao wana masharti yao, yameandikwa kwenye nyaraka za kiufundi wanazompa muuzaji, na si busara mtu wa kwanza kuyasoma awe fundi aliyeamshwa usiku mfumo ukiwa umeshakwama.

Nimeiona hali hii kwa karibu katika ofisi moja ya tiketi za usafiri wa majini ambayo sitaitaja. Abiria ameshika simu yenye ujumbe wa kuthibitisha malipo, karani anageuza skrini yake ionekane kuwa tiketi bado haijalipiwa, nyuma yao kuna watu wenye magunia na watoto, na chombo kina saa yake ya kuondoka. Mwishowe karani anachukua daftari la kaunta na kuandika namba za miamala kwa kalamu, ili ahakikishe baadaye. Tuliporuhusiwa kuuangalia mfumo ule, tulikuta mpokeaji wa taarifa alikuwa anafanya kila kitu kabla ya kujibu: anamtafuta abiria katika kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo), anaandika katika majedwali matatu, anatengeneza tiketi yenye picha, anatuma ujumbe wa simu kupitia kampuni nyingine na kuisubiri imjibu, ndipo naye amjibu mtumaji. Abiria mmoja akilipa peke yake, yote hayo yalikwisha kwa kama sekunde tatu na hakuna aliyeona tatizo. Ndiyo maana mfumo ulipita majaribio ya mezani, ambako mtu mmoja alilipa shilingi 1,000, akaona tiketi, watu wakapongezana.

Kanuni inayoeleza mkwamo huo ilithibitishwa mwaka 1961 na John Little: idadi ya kazi zilizomo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni mwendo wa kuwasili uliozidishwa kwa muda ambao kila kazi inakaa humo. Tuchukue kwa mfano taarifa 40 kwa sekunde. Mpokeaji anayejibu ndani ya sekunde 0.05 huwa na taarifa 2 tu mkononi. Mpokeaji anayetumia sekunde 3 anapaswa kuzimudu 120 kwa pamoja. Ikiwa kanzidata yake imeruhusiwa miunganisho 20 na kila taarifa inashikilia mmoja kwa muda wote huo, anamaliza taarifa zisizofika 7 kwa sekunde huku 40 zikiingia, na zilizobaki zinarundikana mlangoni. Mtumaji anachoka kusubiri, anakata, anarudia, na marudio yanaongezeka juu ya taarifa mpya. Hapo hata kama minara yote ya simu ya Ilemela na Nyamagana ingefanya kazi bila dosari, dirishani kungebaki vilevile.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe. Kinachohitajika ni kompyuta moja ya kawaida yenye Linux, na nyingine ya kutuma taarifa za majaribio, kwa sababu mpimaji na anayepimwa wakikaa kwenye kompyuta moja watagombania nguvu ileile na matokeo hayatamhusu yeyote kati yao. Katika ile ya kwanza huwekwa mpokeaji mtupu, programu ya mistari michache kwa Python, Node.js au lugha yoyote ambayo fundi ameizoea, yenye njia moja ya kupokea taarifa na nyingine ya kusomea hesabu. Mpokeaji huyu hana kanzidata wala hatumi ujumbe kwa mtu. Anasoma taarifa, anaandika kwenye kumbukumbu ya ndani muda iliyofika, namba ya muamala na ukubwa wake, kisha anajibu 200. Kumbukumbu hizo zihamishiwe kwenye faili kwa mafungu, maana kuandika diskini kwa kila taarifa kutapunguza mwendo na utajikuta unapima diski. Vipindi vya muda vipimwe kwa saa ya ndani ya programu isiyorudi nyuma, na kama unalinganisha muda wa kutumwa na muda wa kufika kati ya kompyuta mbili, saa zao zilinganishwe kwa NTP, utaratibu wa kuoanisha saa za kompyuta kupitia mtandao, la sivyo utakutana na taarifa zilizofika kabla hazijatumwa.

Hapa kuna mtego kwa wanaoanza. Maktaba ya seva (programu iliyoandikwa tayari ya kupokea maombi ya mtandaoni) inayokuja na Python yenyewe, katika umbo lake la msingi, huhudumia ombi moja tu kwa wakati, na nyaraka zake zinaonya kwamba haikukusudiwa kwa huduma halisi. Kwa kuona umbo la ujumbe inatosha kabisa. Kwa kupima mwendo, mtu atapima udhaifu wa maktaba hiyo na kuurudisha kwa bosi wake kana kwamba ndio uwezo wa mfumo. Afadhali atumie seva ileile itakayotumika siku ya kazi, na mipangilio ileile.

Mpokeaji mtupu akishapimwa tunajua dari lake, yaani mwendo ambao hauwezi kuvukwa na mashine ile hata ikiwa haina kazi nyingine. Baada ya hapo kila kazi halisi huongezwa moja baada ya nyingine na kupimwa upya: kwanza kukagua sahihi ya ujumbe, yaani alama inayothibitisha kwamba umetoka kwa mtumaji halisi, kisha kuandika kanzidatani, kisha tiketi, kisha ujumbe wa simu. Kila hatua inajitaja yenyewe kwa kiasi cha mwendo inachokula. Ukaguzi wa sahihi kwa njia ya HMAC, hesabu inayotumia neno la siri linalojulikana kwa pande mbili tu na iliyowekwa katika maandishi ya kiufundi ya mwaka 1997, kwa ujumbe mfupi kama huu hula sehemu ndogo mno ya milisekunde (sehemu moja ya elfu ya sekunde), kwa hiyo wanaouruka kwa kisingizio cha kuharakisha mfumo hawana utetezi, na wanamwachia mlango mtu yeyote anayeweza kutunga taarifa ya malipo ya uongo. Kuisubiri kampuni nyingine itume ujumbe wa simu ndiko kunakoua. Tiba yake inajulikana: taarifa ikaguliwe, ihifadhiwe kama ilivyo kwenye foleni, jibu litolewe, na kazi nyingine zote zifanywe nyuma ya pazia na programu tofauti. Foleni hiyo iwe imeandikwa diskini kabla jibu halijatoka, kwa sababu mtumaji akishapata 200 hatarudia tena, na umeme ukikatika dakika hiyo taarifa iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda imepotea. Jaribio la jambo hili halihitaji utaalamu mkubwa: taarifa zikiwa zinaingia, chomoa waya wa umeme wa mashine ya majaribio, iwashe tena, uhesabu.

Kuhusu zana za kutuma mzigo, yaani taarifa nyingi za majaribio kwa mfululizo, zipo za bure na nzuri, kama k6, JMeter na Locust. Tatizo huwa kwenye namna ya kuziagiza. Wengi hupanga watumiaji 50 wa kubuni, kila mmoja akituma taarifa, akisubiri jibu, ndipo atume nyingine. Mfumo ukizorota, watumiaji hao nao wanapunguza mwendo, mzigo unashuka wenyewe, na ripoti inatoka nzuri. Gil Tene, mhandisi aliyeandika na kuzungumza sana juu ya kosa hili, ameonyesha jinsi linavyoficha ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Malipo ya watu hayafanyi hivyo. Mama anayelipia tiketi ya Nansio hangoji malipo ya jirani yake yasomwe ndipo abonyeze namba ya siri. Kwa hiyo zana iagizwe kupeleka taarifa kwa mwendo uliopangwa, tuseme 40 kila sekunde, zijibiwe au zisijibiwe, jambo ambalo k6 inaliruhusu kwa mpangilio wake wa mwendo wa kudumu.

Wastani nao ni danganya toto. Tuchukue taarifa 1,000, ambapo 980 zimejibiwa kwa milisekunde 40 na 20 zimejibiwa kwa sekunde 9. Wastani wake ni kama milisekunde 219, namba ambayo mkurugenzi yeyote ataisaini kwa furaha, huku abiria 20 wakiwa wamesimama dirishani na mtumaji akiwa ameshawakatia. Ripoti itaje muda ambao taarifa 95 katika kila 100 hazikuuvuka, kisha 99 katika kila 100, kisha ile iliyochelewa kuliko zote. Hizi za mwisho ndizo zinazojaza daftari la karani.

Umbali una sehemu yake pia, ingawa ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwanga husafiri ndani ya mkongo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam inakula milisekunde 5 au 6 za kwenda. Seva ikiwekwa Ulaya mambo hubadilika. Ikiwa kwenda na kurudi ni milisekunde 150, muunganisho mpya wenye ulinzi wa TLS 1.3, unaoficha mawasiliano yasisomwe njiani, unahitaji safari mbili kabla ya ombi na ya tatu ya ombi lenyewe na jibu lake, karibu nusu sekunde bila kuhesabu muda wa kazi ya mpokeaji. Kuuacha muunganisho wazi kati ya taarifa na taarifa kunaondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika, na siku kama ile kelele za mtandao ni za haki. Mwenye seva yake nje ya nchi aijaribu hali hiyo makusudi, kwa kumzuia mpokeaji asipatikane kwa saa moja kisha amfungulie na kuona kama wimbi la taarifa zilizorudiwa litamwangusha. Niongeze kwamba zile huduma za kuifungulia kompyuta ya mezani njia ya intaneti, kama ngrok, ni nzuri kwa kuona ujumbe unavyofika, lakini anayepima mwendo kupitia humo anapima njia ya mtu mwingine.

Marudio yanatuleta kwenye hesabu, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotea. Mtumaji asiyepata jibu hurudia taarifa ileile, na mpokeaji asiyetambua namba ya muamala aliyokwisha kuipokea atampa mteja tiketi mbili au atamwandikia mchuuzi malipo mara mbili. Dawa ni namba ya muamala kuwekwa kanzidatani kama ufunguo usiokubali kujirudia, na taarifa ya pili ijibiwe 200 kwa utulivu bila kufanya lolote. Kwa hiyo jaribio la mzigo lisihesabu mwendo peke yake. Tuma taarifa 10,000 zenye namba tofauti, kila moja mara mbili, nyingine kwa wakati uleule kabisa, na mwishoni fungua leja: zikiwemo 9,998 au 10,003, mfumo haujafuzu, hata uwe mwepesi kiasi gani.

Umbo la mzigo nalo lifuate maisha ya mahali. Huku kwetu malipo hayaji sawasawa kama matone ya bomba. Kuna mwisho wa mwezi, kuna Januari shule zinapofunguliwa, kuna mkesha wa sikukuu, kuna alfajiri mitumbwi inapoingia. Kwenye mialo ya dagaa kuna hata mwezi wa angani, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza na uvuvi hupungua sana mbalamwezi inapowaka, kwa hiyo anayeupima mfumo wa mwalo katika wiki ya mbalamwezi na kuridhika amepima soko lililolala. Aulizie siku za giza nene, saa za mnada, na idadi ya wanunuzi wanaolipa ndani ya robo saa moja, kisha aizidishe mara tatu.

Yapo mambo mawili ya kisheria ambayo vijana wetu wenye zana hizi wayajue. Kumwagia mzigo mfumo wa mtu mwingine bila ruhusa yake ya maandishi kunaweza kukufikisha kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia yako ilikuwa kusaidia. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na mpokeaji wako mwenyewe wa majaribio. Na taarifa za majaribio zitungwe. Kunakili majina na namba za simu za wateja halisi na kuzisambaza kwenye kompyuta za mafundi hakuendani na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, linawahusu wanaonunua mifumo hii zaidi ya wanaoitengeneza: halmashauri, wamiliki wa mabasi na vyombo vya majini, vyama vya ushirika, shule. Fundi hutengeneza kile anachodaiwa, na mikataba mingi niliyoisoma hudai rangi za nembo na idadi ya ripoti, bila neno juu ya taarifa ngapi kwa sekunde. Tatizo likitokea hutupiana mpira, muuzaji akailaumu kampuni ya simu na kampuni ikamlaumu fundi, na hakuna mwenye namba mkononi. Mkataba udai jaribio la saa moja kwa mwendo wa siku yenye shughuli nyingi, likifuatiwa na dakika kumi za mara tatu ya mwendo huo, na lingine la kumzima mpokeaji na kumwasha. Ripoti ya kurasa mbili inatosha, ikitaja mwendo uliotumwa, muda wa majibu kwa 95 na 99 katika kila 100, taarifa zilizopotea na zilizojirudia. Fungu la mwisho la malipo ya fundi lisitoke mpaka ripoti hiyo isainiwe na mtu wa upande wa mnunuzi aliyekuwepo jaribio likifanyika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza programu,
Nyegezi, Mwanza